Kwenda Havana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu nirudi kutoka Havana, simu yangu haipumziki. Ndugu, marafiki, marafiki wa marafiki, wote wanauliza mambo yale yale: visa, pesa, sigara, usalama. Nimeyakusanya hapa ili ajaye asome mahali pamoja. Nimeanza na ya msingi, na yale yanayowahusu watu wachache nimeyaweka mwishoni.

## Mji wenyewe

Havana ni mji wa namna gani?

Ni mji mkuu wa Kuba, na una watu wapatao milioni mbili. Wenyewe huuita La Habana, na hiyo h haitamkwi. Mji umekuwa mahali ulipo tangu 1519, pembeni mwa ghuba yenye mdomo mwembamba na tumbo pana. Ghuba hiyo ndiyo iliyoupa mji bahati na balaa. Meli za Hispania zilizosheheni fedha ya Mexico na Peru zilikusanyika humo kabla ya kuvuka Atlantiki kwa pamoja, na penye fedha maharamia hawakosi. Ndiyo maana ukifika utaona ngome kila upande: La Fuerza, La Punta, El Morro, La Cabaña. Mji wa kale pamoja na ngome zake uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1982.

Nimeshazoea Mji Mkongwe wa Zanzibar na Mombasa ya zamani. Kuna kipya huko?

Kipo, ila utaanza kwa kuona vya kwenu. Simama mbele ya kanisa kuu la Havana, utazame mawe yake kwa karibu: ni mawe ya matumbawe, yenye alama za viumbe wa baharini ndani yake, kama kuta za nyumba zetu za pwani. Kisha vuka ghuba uende El Morro. Ngome hiyo ilianza kujengwa 1589, na Fort Jesus ya Mombasa ikafuata 1593. Zote mbili zilianza kujengwa katika utawala wa mfalme mmoja, Felipe wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alishika na taji la Ureno. Zote mbili zilichorwa na wahandisi Waitaliano: Battista Antonelli kule, Giovanni Battista Cairati huku. Aliyekulia Mombasa akipanda El Morro atazitambua zile kuta nene zilizopinda kufuata mwamba.

Kipya ni mitaa. Vichochoro vya kupotea kama vya Zanzibar hutavipata. Mitaa imenyooka, nyumba ni ndefu zenye nguzo na roshani, na kila roshani ina nguo zilizoanikwa na mtu anayezungumza na jirani wa ng'ambo ya barabara.

Siku ngapi zinatosha?

Nne kamili, tano ukiweza. Mbili za mji wa kale kwa miguu, moja ya mtaa wa Vedado na ukuta wa bahari uitwao Malecón, na moja ya kuvuka ghuba kwenda ngome na kitongoji cha Regla. Ukitaka kuona mashamba ya tumbaku ya Pinar del Río, upande wa magharibi, ongeza mbili.

Niende mwezi gani?

Kati ya Novemba na Aprili: mvua ni chache na joto linavumilika. Msimu wa vimbunga ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30. Miezi ya baridi nayo ina jambo lake: upepo wa kaskazini ukivuma, mawimbi huruka ukuta wa Malecón na barabara hufungwa.

## Karatasi na safari

Nahitaji visa?

Ndiyo, karibu kila mtu wa kwetu anahitaji. Ile kadi ya utalii ya karatasi iliyokuwa ikiuzwa na mashirika ya ndege imeondolewa mwaka 2025, na sasa kuna visa ya kielektroniki. Lakini pasipoti zote hazishughulikiwi sawa, na baadhi ya nchi za Afrika zina utaratibu wao wa ubalozini. Kuba ina balozi Nairobi na Dar es Salaam. Uliza huko kabla ya kulipa tiketi.

Mbali na visa, jaza fomu ya D'Viajeros mtandaoni ndani ya siku saba kabla ya kufika. Itakupa msimbo ambao utauonyesha uwanjani. Beba bima ya afya, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu wanaotoka maeneo yenye ugonjwa huo huulizwa.

Kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki?

Hakuna. Wengi wamekuwa wakipitia Istanbul, Madrid au Paris. Hakikisha kwanza kama pasipoti yako inahitaji visa ya kupitia Ulaya, hata kama hutoki nje ya uwanja. Nimeona mtu akizuiwa kaunta ya kwanza kabisa, visa ya Kuba mkononi, kwa kukosa hiyo ya njiani.

Kuba imekuwa na uhaba mkubwa wa mafuta, na mashirika ya ndege hupunguza au kusitisha safari ghafla. Nunua tiketi inayoweza kubadilishwa.

Nina pasipoti ya Ulaya. Kuna tatizo?

Kuingia Kuba, hapana. Tatizo liko Marekani. Aliyetembelea Kuba tangu Januari 12, 2021 hawezi kutumia kibali cha haraka cha ESTA. Ni lazima aombe visa kamili ya Marekani. Kama una ndugu Minnesota au Texas unaowatembelea kila mwaka, lipime hili kabla.

Na mimi ninayeishi Marekani?

Sheria ya Marekani hairuhusu utalii wa kawaida Kuba. Kuna makundi 12 ya safari zinazokubaliwa, na wengi huenda chini ya lile la kuwaunga mkono wananchi wa Kuba: unalala nyumba za watu, unakula migahawa ya watu binafsi, unatunza risiti. Kuhusu kurudi na sigara, tazama sehemu ya sigara.

## Pesa, kulala, kula

Nibebe fedha gani?

Taslimu: euro au dola, noti safi, nyingi zikiwa ndogo. Kadi za benki za Marekani hazifanyi kazi kabisa, na za nchi nyingine hufanya kazi siku ikipenda. M-Pesa usiifikirie.

Fedha ya nchi ni peso ya Kuba. Zamani kulikuwa na peso mbili, ile ya wageni ikiitwa CUC, lakini hiyo iliondolewa Januari 1, 2021. Mtu akikupa noti za CUC barabarani, amekupa karatasi. Mtaani peso hubadilishwa kwa kiwango kizuri kuliko cha serikali, lakini ni kinyume cha sheria na wageni huibiwa humo. Mimi nililipa nyumba na taksi kwa euro moja kwa moja, nikawa na peso kidogo tu za kahawa na matunda. Peso zilizobaki zitumie kabla ya kuondoka, kwa maana nje ya Kuba hazina mnunuzi.

Nilale hotelini au nyumba za watu?

Nyumba za watu, bila kusita. Zinaitwa casa particular, na mlangoni huwa na alama ya buluu inayofanana na nanga. Zimeruhusiwa kisheria tangu 1997. Mwenye nyumba atakupikia kifungua kinywa, atakuambia mtaa gani una umeme leo, na fedha yako itamfikia yeye na watoto wake. Hotel Nacional, iliyofunguliwa 1930 juu ya kilima cha Vedado, nenda ukanywe kahawa bustanini ukitazama bahari. Hiyo inatosha.

Habari za umeme ni kweli?

Ni kweli, na ni nzito kuliko magazeti yanavyoeleza. Oktoba 2024 gridi ya nchi nzima ilianguka baada ya mtambo wa umeme wa Antonio Guiteras, huko Matanzas, kusimama. Haikuwa mara ya mwisho. Kabla ya kulipia chumba, muulize mwenyeji maswali matatu: una betri au jenereta? Maji yanapanda vipi umeme ukikatika? Mtaa wenu hukatiwa saa ngapi?

Wewe beba tochi, betri ya kuchajia simu, na kibadilishi cha plagi: soketi zao ni za miguu miwili bapa, si zile zetu za miguu mitatu minene. Umeme wao mara nyingi ni volti 110, kwa hiyo pasi na kikausha nywele cha nyumbani viache.

Intaneti je?

Data ya simu ipo tangu Desemba 2018 kupitia kampuni ya serikali, ETECSA, nayo ina laini maalumu kwa wageni. Umeme ukienda, mtandao nao hulegea. Pakua ramani na kamusi ya Kihispania kabla ya kuondoka.

Mwislamu atakula nini?

Nguruwe yuko karibu kila mezani, na mafuta yake huingia hata kwenye maharagwe, kwa hiyo uliza usoni: "¿Tiene cerdo?", yaani, "Kina nguruwe?" Samaki, mayai, mihogo, ndizi za kukaanga na wali vitakufikisha. Kuna malanga, ambayo mla magimbi hataiona ngeni. Msikiti wa Abdallah uko mji wa kale, mtaa wa Oficios, umefunguliwa 2015. Baada ya sala uliza waumini wanakopata nyama. Hakuna atakayekuelekeza vizuri zaidi.

## Sigara za Havana

Hizi sigara zina nini hasa?

Kwanza tutofautishe. Sigara ya dukani kwetu ni tumbaku iliyokatwakatwa ndani ya karatasi. Ya Havana, ambayo Wakuba huiita puro au tabaco, ni majani matupu yaliyosokotwa kwa mkono. Ndani kuna majani ya ujazo, yanashikwa na jani la kufunga, na juu linavikwa jani laini la nje lisilo na doa. Majani ya ujazo huchanganywa kwa vipimo: ya juu ya mmea, yaliyopata jua jingi, ndiyo makali, ya katikati yana harufu, ya chini husaidia kuwaka.

Mtu wa Tabora au Urambo ataona tofauti nyingine. Tumbaku yetu nyingi hukaushwa kwa moto kwenye mabani. Yao hutundikwa kwenye vibanda virefu vya mbao na kuachwa hewani kwa wiki nyingi, kisha hulundikwa ichachuke, halafu hukaa tena. Iliyo bora hutoka Vuelta Abajo, huko Pinar del Río.

Ni kweli kuna mtu anayewasomea wafanyakazi?

Ni kweli, na kwangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote niliyoyakuta Havana. Tangu 1865, viwandani humo ameketi msomaji juu ya jukwaa, akiwasomea wasokotaji kazi ikiendelea: magazeti asubuhi, riwaya baadaye. Mwanzoni wafanyakazi wenyewe walimlipa kutoka mifukoni mwao, na wenyewe walichagua kitabu. Mtu asiyejua kusoma hata herufi moja aliweza kukujadilia siasa za Ulaya na riwaya za Kifaransa. Wenye mali waliogopa, na serikali ya kikoloni ikawahi kupiga marufuku usomaji huo. Jina la Montecristo, chapa ya sigara, limetoka humo humo, kwenye riwaya iliyopendwa na wasikilizaji.

Wakipendezwa hawapigi makofi, maana mikono ina kazi. Hugonga meza kwa visu vyao bapa vya kukatia majani, viitwavyo chaveta. Ukisikia ukumbi mzima ukigonga kwa pamoja, utaelewa kwa nini José Martí, alipotafuta watu wa kuunga mkono uhuru wa Kuba mwaka 1891, alikwenda kuhutubia wasokotaji wa sigara waliohamia Tampa, Marekani.

Nawezaje kutembelea kiwanda?

Tiketi hununuliwa mapema kwenye madawati ya utalii hotelini, si mlangoni. Picha mara nyingi haziruhusiwi. Jengo la kale la Partagás, la 1845, liko nyuma ya Capitolio, jengo la bunge. Uzalishaji umehamia kwingine, kwa hiyo usiende pale ukitarajia kuona wasokotaji. Uliza ni kiwanda gani kimefunguliwa kwa wageni wiki hiyo.

Kuna mtu barabarani anasema anauza sigara za kiwandani kwa nusu bei. Ni kweli?

Hapana. Atakuambia shemeji yake anafanya kazi kiwandani, au kwamba leo tu, siku moja kwa mwezi, wafanyakazi wameruhusiwa kuuza mgao wao. Hadithi hiyo utaisikia kila siku ya mwezi. Boksi litaonekana halisi, mihuri ikiwa imechapishwa vizuri, na ndani kuna mabaki ya majani yaliyokunjwa ovyo. Nunua kwenye maduka rasmi, mfano yale yaitwayo La Casa del Habano, na tunza risiti. Bei za Cohiba, chapa ya sigara ghali, zilipandishwa sana mwaka 2022, kwa hiyo ukiiona kwa bei ya chai, jibu unalo.

Naruhusiwa kutoka na ngapi?

Forodha ya Kuba huruhusu hadi 20 zilizo huru bila risiti, na hadi 50 zikiwa kwenye maboksi yaliyofungwa yenye mihuri rasmi. Zaidi ya hapo uonyeshe risiti ya duka. Kisha kuna sheria ya nchi unakoingia, ambayo ni kitu kingine. Marekani imekataza kabisa wasafiri kuingiza sigara za Kuba tangu Septemba 2020, na ukiwa unabadilisha ndege Miami umehesabika umeingia.

Sivuti. Nipoteze muda huko?

Nenda. Mimi sivuti, na tumbaku inaua, hilo sina mjadala nalo. Nilikwenda kwa ajili ya mikono ya wale akina mama na sauti ya msomaji.

## Utamaduni na undugu

Kuna uhusiano wowote na sisi, au ni Karibi tu?

Anzia kwenye neno moja. Kuba kuna dini iitwayo Palo, iliyoletwa na watu waliotekwa kutoka nchi za Kongo. Kiongozi wake huitwa tata nganga. Mswahili yeyote anamsikia mganga hapo, kwa kuwa mzizi ni mmoja wa Kibantu. Bamia huitwa quimbombó, na jina hilo pia lilivuka bahari kutoka upande wa Kongo na Angola. Utumwa Kuba ulikomeshwa 1886, jana tu kwa hesabu ya vizazi.

Santería, iliyotoka kwa Wayoruba, inaonekana zaidi barabarani: waliovaa nyeupe kuanzia kofia hadi viatu wako mwaka wao wa kwanza baada ya kuingizwa. Panda kivuko kwenda Regla, ng'ambo ya ghuba. Kanisani yupo Bikira mweusi ambaye wengi wanamwona pia kuwa ni Yemayá, mama wa bahari. Ingia kwa adabu, na usimpige picha mtu aliye katika ibada.

Muziki wao na dansi letu, nani alianza?

Ngoma zilitoka Afrika, zikachanganyika na gitaa la Kihispania, kisha zikarudi kwenye santuri. Santuri za Kuba zilifika Kongo tangu miaka ya 1930, na wapiga gitaa wa Leopoldville, Kinshasa ya leo, wakasikia kitu kinachowahusu. UNESCO imeorodhesha rumba ya Kuba mwaka 2016 na ya Kongo 2021. Na Morogoro, Salum Abdallah aliiita bendi yake Cuban Marimba. Ukisimama Callejón de Hamel, kichochoro cha Havana, Jumapili mchana ngoma zikipigwa, utaelewa alichokisikia.

Nimesikia Che Guevara alikuwa na jina la Kiswahili?

Alikuwa nalo: Tatu. Mwaka 1965 alipitia Dar es Salaam na Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika kwenda kupigana Kongo. Wakuba walipewa majina ya hesabu za Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili. Vita vile vilishindwa, naye aliandika kumbukumbu zake ndani ya ubalozi wa Kuba Dar es Salaam. Ofisi yake ya 1959 iko ngome ya La Cabaña. Nenda jioni, ubaki hadi saa tatu usiku: askari waliovaa sare za karne ya 18 hupiga mzinga, kama zamani milango ya mji ilipofungwa.

## Usalama na afya

Havana ni salama?

Ukilinganisha na miji mingi mikubwa, ndiyo, ingawa uporaji umeongezeka pamoja na ugumu wa maisha. Simu usiishike mkononi gizani. Anayekuomba umnunulie mtoto maziwa mara nyingi ana mpango na duka. Kama moyo unakusukuma kusaidia, msaidie mwenyeji wako au jirani zake. Hatari ambayo wageni hawaifikirii iko juu ya kichwa: majengo mengi ya Centro Habana yamechoka, na roshani huanguka, hasa baada ya mvua. Tembea mbali kidogo na kuta.

Nibebe dawa?

Zako zote, pamoja na za akiba, kwa sababu maduka ya dawa yana rafu tupu. Malaria hakuna, ila dengue na chikungunya zipo, kwa hiyo dawa ya mbu ni lazima. Kunywa maji ya chupa. Panadol, sabuni na nyuzi za kushonea ukimwachia mwenye nyumba, utaona uso wake.

## Ya wachache

Mimi ni Mwafrika mweusi. Nitachukuliwaje?

Watadhani wewe ni Mkuba. Hilo lina uzuri wake: watakusemesha Kihispania cha mbio na kukuuzia embe kwa bei ya mtaa. Lina na uchungu wake: polisi wanaweza kukuuliza kitambulisho, na mlinzi wa hoteli akakusimamisha huku akimpisha mzungu aliye nyuma yako. Hadi 2008 Wakuba wenyewe walizuiwa kulala katika hoteli za watalii, na mazoea hayo hayajaisha. Tembea na nakala ya pasipoti. Mimi nilisimamishwa mara mbili, na mara zote mbili jibu la "soy de Tanzania", natoka Tanzania, lilibadilisha sauti ya mwulizaji.

Nitapata wa kuzungumza naye Kiswahili?

Wachache, lakini wapo. Novemba 2024 Havana ilipokea kongamano la kimataifa la Kiswahili, Rais Samia Suluhu Hassan akihudhuria. Na kuna madaktari: wamefanya kazi Zanzibar kwa miaka mingi, na Kenya ilipokea 100 mwaka 2018. Mwambie mwenye nyumba wako unakotoka, kisha usubiri. Wangu alinitazama, akashuka ngazi bila neno, akarudi na jirani wa ghorofa ya chini, mama mtu mzima, mwuguzi mstaafu. Alisimama mlangoni, akafikiri kidogo, kisha akasema polepole: "Karibu. Pole na safari."